Kamba ya Twiga wa Malindi

Twiga wetu alipendeza sana mpaka alipoanza kutembea. Rafiki yangu mchoraji alikuwa amempa mwendo wa farasi anayekwenda mbiombio: mguu wa mbele wa kushoto unanyanyuka pamoja na wa nyuma wa kulia. Tukatazama zile sekunde tatu kwenye kompyuta, tukarudia, tukanyamaza. Alikuwa farasi aliyevaa ngozi ya twiga.

Twiga hatembei hivyo. Miguu miwili ya upande mmoja hwenda karibu pamoja, kisha miwili ya upande wa pili, kama ngamia. Miguu yake ni mirefu na kiwiliwili ni kifupi. Ukiipishanisha vibaya, ya nyuma itagonga ya mbele. Na shingo haikai kama mlingoti. Inakwenda mbele na kurudi kwa mpigo wa hatua, na mpigo huo ukiukosa, mnyama mzima anaonekana kama mwanasesere. Katuni ya kuchorwa kwa mkono mara nyingi hutumia michoro 12 kwa sekunde. Filamu yetu ni ya dakika sita, yaani michoro 4,320. Kosa la miguu ungelikuta katika kila mmoja ambao twiga anatembea.

Huyu twiga ni wa kweli, kwa maana ya historia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle wa China. Mwaka mmoja kabla, 1414, mfalme huyo alikuwa ameletewa twiga mwingine kutoka Bengal, na wanahistoria wengi wanaona huyo naye asili yake ilikuwa Afrika Mashariki. Wasomi wa baraza walimwita qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Kwa mfalme aliyempindua mpwa wake ili akalie kiti, unaweza kuelewa kwa nini habari hiyo ilipendeza. Twiga wa Malindi alipofika, Yongle mwenyewe alitoka hadi langoni kumpokea.

Picha ya yule wa 1414 ipo, na nakala zake zipo mpaka leo. Inahusishwa na Shen Du, bingwa wa mwandiko aliyeandika juu yake maneno ya sifa. Twiga ametulia, madoa yake yamepangwa kama magamba. Pembeni yake amesimama mtu mwenye kamba mkononi, ameinua uso kumtazama. Jina la mfalme tunalijua. Shen Du tunamjua. Mwenye kamba hana jina.

Miezi miwili nilihangaika na wahusika. Niliandika mfalme, nikaandika nahodha, nikaandika mjumbe mwenye hotuba ndefu. Wote walikuwa vinyago. Mtu mmoja akanishauri twiga aongee, watoto watapenda. Ushauri huo haukunishangaza; sisi tumelelewa na sungura mjanja na fisi mlafi, na lugha yetu yenyewe inamweka mnyama katika ngeli moja na binadamu. Ila sungura wa hadithi ni mtu kabisa: ana hila, ana madeni, ana mkwe. Huyu wa Malindi hakuwa mtu. Alikuwa mnyama aliyepakiwa chomboni, hajui anakwenda wapi. Ukimpa maneno, umempunguzia hofu.

Aliyenitoa hapo ni Gertie. Winsor McCay, mchoraji wa magazeti wa Marekani, alimwonyesha dinosau huyo mwaka 1914, miaka 500 kamili baada ya ile picha ya baraza (sadfa tu, lakini niliipenda). Gertie hasemi neno. Anakaripiwa, analia, anakunywa ziwa lote, anachoka, analala. McCay alijipima pumzi zake mwenyewe kwa saa ili ajue kifua cha mnyama kipande na kushuka kwa muda gani. Hakuna binadamu aliyewahi kumwona dinosau akipumua, lakini Gertie unamwamini kwa sababu uzito wake uko mahali pake.

Basi tukaacha hotuba, tukarudi kwenye kamba. Shingo ikienda mbele, kamba inalegea, ikirudi, inakaza. Mtu aliyemzoea twiga mkono wake unakwenda na ile shingo bila yeye kufikiri. Asiyemzoea anavuta. Kumbe hapo ndipo wahusika wangu walipokuwa wamejificha. Mtunzaji wa Malindi anaacha kamba iwe na ulegevu, na anatembea ubavuni, si mbele. Baharia, pale chombo kinapoyumba na upepo wa kusi, anaizungusha kamba mkononi mara mbili, na twiga akitupa shingo nusura amvunje kifundo. Ofisa wa baraza anaishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama kitu kitakatifu au kichafu. Hakuna hata mmoja aliyesema neno, na tayari unawajua.

Kulala kwake chomboni ndiko kulikotusumbua zaidi. Twiga hujikunja miguu ya mbele kwanza, na akitaka kuinuka hutupa shingo ili apate nguvu. Juu ya sitaha inayoyumba, kuinuka tu ni tukio. Tumelipa sekunde 20, na mtunzaji anafanya jambo moja: anasogeza kando mtungi wa maji kabla shingo haijaufikia. Ndiyo sifa yake yote. Anajua.

Kisha lango la ikulu. Qilin wa hadithi husemekana hukanyaga kwa upole, hata jani bichi haliumizi. Kwa macho ya baraza tumemchora hivyo, anaelea. Halafu picha inarudi kwa mtunzaji, na twiga ni yuleyule wa upandeupande, kwato zinalia juu ya mawe, amechoka. Mwendo mmoja ni wa wale walioandika, wa pili ni wa yule ambaye hakuandikwa.

Onyesho la mwisho ni la kukabidhi kamba. Ofisa anavuta, shingo inakataa. Mtunzaji anamshika ofisa kiwiko, anakilegeza kidogo, anaondoka. Bado tunabishana kama uso wa mtunzaji uonekane. Mimi nataka mkono tu. Rafiki yangu ameshauchora uso mara nne, na kila mara ni mtu mwingine.