Wavuvi wa Ziwa Edward na mipaka ya Parki

Vijana wetu wengi wanafikiri kwamba uvuvi wa Ziwa Edward ulianza na Vitshumbi, na kwamba Vitshumbi ilianza na Mzungu. Si hivyo. Pale Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua katika mwaka 1950 vyusa vya mfupa, pamoja na ule mfupa wenye alama kama za kuhesabu, ambao sasa umewekwa Bruxelles. Wataalamu wanaupa umri wa miaka 20,000 hivi. Na pale Katanda, kwenye mto uleule, vilipatikana vyusa vya zamani zaidi sana, wanasema miaka 90,000 hivi, na mifupa ya kambare kandokando. Kabla ya kuzungumza nani ni mwizi wa samaki, tuanzie hapo kwanza.

Hata jina la ziwa lilihamahama. Wazee wengine waliliita Rutanzige. Stanley alilipa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza mwaka 1889. Mwaka 1973 likageuka Ziwa Idi Amin, na mwaka 1979, Amin alipoanguka, likarudi Edward. Samaki hawakuulizwa, wavuvi vilevile.

Parki Albert iliundwa tarehe 21 mwezi wa nne 1925, ya kwanza katika Afrika. Mwanzoni ilikuwa ni milima ya volkano tu, kwa ajili ya sokwe wa milimani. Mwaka 1929 na mwaka 1935 mipaka ikasukumwa, ikachukua mbuga za Rwindi na Rutshuru, na sehemu ya ziwa iliyo upande wetu. Katika miaka ileile malale, yaani ugonjwa wa usingizi, ilikuwa ikiua watu kando ya Semliki na ziwa, na serikali ya wakoloni ikahamisha vijiji. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini watu walioondolewa kwa sababu ya mbung'o hawakurudishwa mbung'o alipopungua, maana udongo wao ulikuwa umeshaingia ndani ya Parki. Ndiyo maana mpaka leo, ukiketi na wazee wa kando ya ziwa, neno "mpaka" halitamkwi kwa amani.

Njaa ya samaki katika mashamba makubwa na katika miji ndiyo iliyofungua mlango tena. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 ikaanzishwa kooperativa, COPILE, ambayo baadaye iliitwa COPEVI, kwa jina la masheferi ya pembeni ya ziwa. Pesheri tatu zikakubaliwa: Vitshumbi kusini, Kyavinyonge kaskazini, na Nyakakoma upande wa mashariki. Masharti yalikuwa makali: hakuna kulima, hakuna kufuga ng'ombe, pirogi zina namba na zinahesabiwa, nyavu zenye macho madogo hazikubaliwi, na mahali ambapo tilapia zinazalia, hasa kwenye midomo ya mito, hakuna kutega.

Mimi nasema masharti ya macho ya wavu na ya mazalio yalikuwa na akili. Tilapia ikikamatwa kabla haijazaa hata mara moja, utakula nini kesho? Kasoro ilikuwa pengine. Walihesabu pirogi, hawakuhesabu watoto. Kijana aliyezaliwa Vitshumbi hakupewa shamba, hakupewa namba ya pirogi, na walimwambia vilevile asiingie porini. Basi afanye nini? Aliingia ziwani usiku.

Kuna jambo lingine ambalo tunalisahau: kiboko. Kiboko anakula majani usiku katika mbuga, mchana anaoga, na mavi yake yanaingia ndani ya maji. Yanalisha mimea midogo ya maji, ambayo tilapia inakula. Wavuvi wazee walijua hayo pasipo maabara. Kuelekea katikati ya miaka ya 1970 viboko vya Virunga vilihesabiwa kama 29,000. Mwaka 2005 havikufika hata 1,000. Vingi havikuuawa na wavuvi. Vilipigwa na watu wenye bunduki, waaskari na vikundi vya kila namna, kwa ajili ya nyama na meno, zaidi sana katika vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998.

Vita hivyo ndivyo vilivyovunja pia hesabu ya pirogi. Watu waliokimbia vijiji vyao walishuka ziwani, maana ziwa halihitaji mbegu wala miezi ya kungoja mavuno. Pesheri ambazo sheria haizijui zikaota kwenye pwani ya magharibi: Kamandi, Lunyasenge, Taliha, Kisaka. Nyavu ndogo zikashuka, mazalio yakavuliwa, na kuni za kukausha samaki zikatoka palepale ndani ya Parki. Mkubwa mwenye silaha aliweza kuwa na pirogi zake pasipo namba yoyote. Mlinzi wa Parki akimkamata mvuvi mdogo, watu wanauliza: na ile ya mkubwa? Swali hilo liliharibu sheria kuliko nyavu zenyewe, kwa maana sheria inayoogopa wengine haina heshima kwa yeyote.

Tena samaki wakipungua upande wetu, mvuvi anavuka kufuata upande wa Uganda, pasipo alama yoyote juu ya maji ya kumwonyesha mpaka. Wengi walikamatwa huko, pirogi na mashine zikabaki. Mwezi wa saba 2018 waaskari wa maji wa inchi mbili walipigana risasi palepale ziwani, watu wakafa. Mwaka 2024 M23 iliingia Vitshumbi. Mvuvi ambaye baba yake alikuwa na namba ya kooperativa akajifunza kuuliza, kila asubuhi kabla ya kusukuma pirogi, leo kodi inalipwa kwa nani.