Mzee Ojwang' Alikuwa Nani? Mtazamaji, Mwigizaji na Mhusika katika Futuhi za Runinga

Ikiwa ulikulia Kenya katika miaka ya 1980, bila shaka unamkumbuka Mzee Ojwang' Hatari wa Vitimbi. Stesheni ya runinga ilikuwa moja tu: Sauti ya Kenya, iliyorejelea jina la KBC mnamo 1989, mwaka mmoja kabla ya KTN kuanza. Runinga zenyewe zilikuwa chache. Majirani walijazana sebuleni kwa mwenye bahati, na kipindi kilipokwisha uhakiki ulianza, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Nadharia zetu hazikukosa. Wengi waliamini kwamba Ojwang' na Mama Kayai ni mume na mke kweli, kwani watu wawili wangezozana vile bila kuishi pamoja? Kwamba Ojwang' ni Mluo, hilo hata halikuhitaji mjadala. Lafudhi ilikuwa ushahidi tosha.

Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang', alifariki Julai 2015. Ndipo baadhi ya watazamaji walipogundua kwamba alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, ni Mluhya, na wawili hawa hawakuwa wanandoa. Lafudhi tuliyoichukua kuwa kitambulisho ilikuwa maleba, sawa na ile kofia na miwani.

Kwa nini waigizaji wa enzi hiyo waliegemea lafudhi kiasi hicho? Zingatia, mwalimu, kwamba futuhi ya runinga ni fupi, na kila kipindi ni kisa kipya. Fanani hana nafasi ya kumkuza mhusika polepole kama mwandishi wa riwaya. Anahitaji alama itakayotambulika mara tu mhusika afunguapo kinywa. Ngano zetu zilikwisha kufanya hivyo: fisi akitajwa, hadhira inatarajia ulafi. Katika nchi ya lugha nyingi, Kiswahili kilichotamkwa kwa athari za lugha ya mama kilitoa alama hiyo bure. Vioja Mahakamani nayo iliitumia vilivyo, maana mshtakiwa aliyesimama kizimbani alianza kuchekesha hata kabla hajakana shtaka. Hawa ndio tunaowaita wahusika bapa, na sioni aibu yoyote katika ubapa wao.

Aibu ni ya usomaji wetu. Nimesahihisha insha ambamo mtahiniwa anaeleza sifa ya mhusika, kisha badala ya kuithibitisha kwa tukio au mazungumzo, anaandika kuwa watu wa kabila lake ndivyo walivyo. Mtahiniwa huyo hajahakiki kazi ya fasihi. Ametoa hukumu juu ya jamii nzima, na hukumu za aina hiyo tuliziona zikiua baada ya uchaguzi wa 2007. Sisemi kwamba futuhi ndizo zilizoleta ghasia (hilo litakuwa dai la kipuuzi), ila mazoea ya kumsoma mtu kwa matamshi yake hayaishii sebuleni.

Linganisha na Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi kifo chake mnamo Julai 2020. Lafudhi ipo tena, lakini uzito wa kicheko uko kwingine: Papa ni bawabu anayemficha mkewe kazi yake halisi. Hadhira inajua, mke hajui. Hapo pana kinaya cha kidrama ambacho mtahiniwa anaweza kukitetea kwa ushahidi.

Jaribu zoezi hili darasani. Waambie wanafunzi waandike mzozo mfupi wa Ojwang' na Mama Kayai kwa Kiswahili sanifu, bila lafudhi na bila majina. Kisha waulize ni sifa gani zimesalia. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walitaja ubishi, majigambo na werevu wa kukwepa lawama. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, huyu ni babu yangu wa Kitui."