Namba Kubwa katika Kiswahili: Sensa, Pito na 61,741,120

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliokuwa kipimo cha Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania. Kaya za Pito, katika nyanda za juu za Ufipa, zilihesabiwa sawasawa na zile za Unguja na Dar es Salaam. Mkoa wa Rukwa ulipata watu 1,540,519, na taifa zima 61,741,120. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Muungano, ilikuwa imepata zaidi kidogo ya milioni 12.

Kuitamka namba hiyo ni kupita katika tabaka za historia ya Kiswahili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu yana asili ya Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi, na milioni Ulaya. Ukopaji huu si dalili ya ufukara wa lugha, kwani hata Kiingereza kilipokea neno milioni kutoka Kifaransa, nacho kutoka Kiitalia. Aidha, mkopo wa laki una manufaa yake. Usemi "elfu mia moja na ishirini" waweza kufahamika kuwa 120,000 au 100,020. "Laki moja na elfu ishirini" hauna utata.

Kihisabati, 61,741,120 ni namba shufwa. Ikichambuliwa hadi kwenye namba tasa, hupatikana 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hata zikawa mbili sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Hiyo ya mwisho ina sifa yake katika historia. Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Kukutana kwa Euler na sensa ya Tanzania ni sadfa tupu, wala hakuna fumbo la kufumbuliwa hapo.

Lisilo sadfa ni hili: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, kwa sababu kigawo cha zote mbili hakina budi kuigawa tofauti yao, nayo ni 1. Hivyo, lau karani angemruka mtu mmoja tu huko Pito, jumla ingekuwa 61,741,119: namba witiri, yenye kugawanyika kwa 3, wala isiyogawanyika kwa 2, 5, 7, 43 wala 641. Katika asilimia za taifa mtu huyo haonekani kabisa. Katika vigawo vya namba yenyewe, asipokuwapo hakibaki hata kimoja cha vile vilivyokuwapo, isipokuwa moja.