Sinema ya Jadotville na Baraji la Nzilo

Siku moja ya posho vijana wa parokia walinialika tutazame pamoja sinema inayoitwa The Siege of Jadotville. Ilitoka mwaka wa 2016. Aliyeitengeneza ni Richie Smyth wa Irlandi, na Jamie Dornan anacheza Komanda Pat Quinlan. Jadotville, tunajua sote, ni Likasi yetu. Bunduki zilipokwisha kulia, kijana mumoja akaniuliza: «Padri, wale majandarma walioanguka walikuwa watoto wa nani?» Sikuwa na neno la kumujibu. Ndiyo sababu ninashika kalamu.

Tusiseme kwamba sinema ile ni ya uwongo. Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake tarehe 11 Julai 1960, na Union Minière ikamulipa yeye kodi za shaba, wala si serikali ya Léopoldville. Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 13 Septemba mwaka ule ule askari wa ONU walianza vita Elisabethville, na asubuhi ile majandarma pamoja na wazungu wa kukodishwa wakashambulia kampuni ya Wairlandi waliokaa Jadotville, watu kama 155 tu. Wengi wao walikuwa katika Misa, inje, chini ya mbingu. Ilikuwa siku ya kuamkia sikukuu ya Musalaba Mutakatifu. Mupadri akisoma habari hii hawezi kuipita upesi. Walipigana hata tarehe 17. Ndege moja ya vita iliwatupia mabomu, maji yakawa haba, na wenzao waliokuja kuwaokoa wakarudishwa kwenye daraja la Lufira. Basi wakaweka silaha chini. Usiku ule ndege ya Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, ilianguka karibu na Ndola, naye akafa.

Hakuna Mwirlandi aliyekufa Jadotville; watu watano waliumizwa. Kwao walidharauliwa miaka mingi kwa kuwa walijitoa mikononi mwa adui. Heshima kamili ya kikosi ilikuja mwaka wa 2016 tu, na Quinlan alikuwa amekufa tangu 1997.

Lakini sinema ilipigwa picha Afrika ya Kusini, na watu weusi waliomo wanakuja mbio, wanaanguka, basi. Hesabu ya wafu wao inasemwa kuwa mamia. Jina hata moja hatulisikii. (Ile nyingine ya Raoul Coutard ya mwaka wa 1980, La légion saute sur Kolwezi, juu ya vita vya Mei 1978, nayo ilipigwa picha Guyana ya Wafaransa! Hata miji yetu inachezwa na miji mingine.) Majandarma wale walikuwa chini ya wakubwa wazungu, lakini wenyewe walikuwa vijana wa vijiji vyetu na wa kambi za kazi, na wengi walikuwa wamebatizwa. Siku zile zile maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya ONU Elisabethville kwa kuogopa jirani zao. Sinema haina nafasi juu yao. Siilaumu sana: Wairlandi walitengeneza sinema ya Wairlandi. Kosa ni letu tukiitazama kama kwamba ndiyo historia ya Katanga.

Kama mimi ningeulizwa mahali pa kuanzia sinema nyingine, ningesema Nzilo. Baraji lake linafunga muto Lualaba kaskazini ya Kolwezi. Union Minière ililijenga mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuliita Delcommune, jina la Mubelji aliyetembea Katanga 1891 na 1892. Lile la Nseke, chini yake, lilianza kazi 1956. Bila umeme wa pale mashimo na viwanda vya Kolwezi vingelala.

Tarehe 28 Desemba 1962 ONU ilianza vita vya mwisho. Askari wake walivuka Lufira, ingawa madaraja yalivunjwa, wakaingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963. Tshombe akabaki na Kolwezi. Akatisha kuharibu kila kitu, na watu wake wakaweka dinamiti kwenye baraji la Nzilo. Fikirini, wandugu: ziwa zima la maji, na chini yake muto unaokwenda kwa wavuvi wa Upemba!

Tarehe 14 Januari Tshombe akatangaza mwisho wa kujitenga, na tarehe 21 ONU ikaingia Kolwezi bila vita. Dinamiti hazikuwashwa. Union Minière haikutaka kupoteza mali yake, na Ubelgiji ilimusukuma Tshombe akubali. Yeye aliomba musamaha juu ya watu wake. Naona uchungu kusema hivi, lakini nafikiri bei ya saruji na ya mashini ndiyo iliyookoa wavuvi. Hakuna aliyewauliza.

Majandarma wengi wakakimbilia Angola. Wengine walirudi na bunduki 1977 na 1978.

Yule kijana aliyeniuliza alirudi kwangu baada ya juma moja. Nkambo yake alimwambia kwamba ndugu yake mukubwa alivaa nguo za jandarma, akaondoka 1961, hakurudi. Tukafungua daftari ya ubatizo. Jina limo, na la baba, na la mama, na la musimamizi. Mahali pa kuandika kifo pamebaki peupe.