Msokoto katika difu ya kati

Mvua za Januari zikishalowesha Lubumbashi, udongo mwekundu wa njia za Hewa Bora huteleza kama sabuni. Hapo ndipo nilipoikuta katrekatre ya zamani, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, imenasa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka bure kwenye tope. Ya nyuma yalikuwa pakavu, lakini yametulia tuli. Fundi aliyekuwa kando yangu akasema: “Papa, kuple yote imekimbilia mbele.”

Maelezo hayo nimeyasikia mara nyingi, nami nina hakika si sahihi. Naamini kosa limeanzia kwenye neno.

Kuple tuliipokea kwa Kifaransa. Louis Poinsot aliitumia mwaka 1803 kutaja kani mbili zilizo sawa, zinazosukuma pande zinazopingana na kukizungusha kitu, kama mikono miwili kwenye usukani. Gereji zetu zimeliacha wazo hilo la jozi, na kuple imekuwa “nguvu” tu, nayo nguvu tunaiwaza kama maji, yanayotiririka kwenda penye upenyo. Waingereza wana torki, jina lililopendekezwa na James Thomson mwaka 1884 kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusokota. Hilo linatufaa zaidi, maana kusokota tunakujua.

Nati ikikaza, fundi huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Akisukuma kwa kani ya nyutoni 200 penye sentimita 30, nati hupata nyutoni-mita 60. Akisukuma vilevile penye sentimita 90, hupata 180. Mkono haujaongeza kani hata kidogo. Kilichoongezeka nakiita msokoto. “Kani ya mzunguko” ningeikataa, kwa sababu bomba lile linatuonyesha kwamba kani ni ileile. Najua msokoto ni maumivu ya tumbo pia; lakini kuple nayo ni mume na mke, na hakuna aliyechanganyikiwa gereji kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye tope. Msokoto hauwi mkubwa kuliko ukinzani unaokutana nao. Jaribu kukamua kitambaa ambacho upande wa pili hakuna aliyekishika: kitazunguka chote, bila kusokoteka. Difu ya kati ya kawaida, isiyofungwa, huruhusu mhimili wa mbele na wa nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, lakini uwiano wa msokoto umewekwa na meno ya gia zake. Ikiwa ni nusu kwa nusu, na tope la mbele linahimili nyutoni-mita 100 tu, basi na nyuma zinafika 100, hata kama pale pakavu pangehimili 1,500. Kilichokimbilia mbele ni kasi. Msokoto umepungua kotekote, ndiyo maana gari halisogei.

Uwiano si lazima uwe nusu kwa nusu. Jensen FF ya Uingereza, mwaka 1966, ilipeleka asilimia 37 mbele na 63 nyuma. Toyota Prado 120 imewekewa 40 kwa 60, na difu yake ya kati ni ya Torsen, ambayo msuguano wa gia zake huupa mhimili ulioshika ardhi msokoto ulio mara kadhaa ya ule wa mhimili unaoteleza. Lakini mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Gurudumu likiwa hewani, dereva mzoefu hugusa breki kidogo huku akikanyaga mafuta, ili upande unaoteleza upate ukinzani.

Dawa nyingine ni kuifunga difu. Mihimili miwili hulazimika kuzunguka pamoja, na msokoto wote unaweza kuchukuliwa na ule ulioshika. Land Cruiser 70 haina hata difu ya kati: ukiiweka kwenye katrekatre, mbele na nyuma zimeunganishwa moja kwa moja. Topeni hiyo ni faida. Kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma kila gari linapokata kona, na kwa kuwa hayawezi kuteleza, shafti husokotana kama kitenge kinachokamuliwa na watu wawili. Wenzo wa katrekatre hukataa kutoka. Madereva wengi huuvuta kwa hasira. Rudisha gari nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka: msokoto ulionaswa hufunguka, na wenzo hutoka kwa mkono mmoja.