Chelezo cha Kumbukumbu: Habari za Nakala na Kanda Katika Kivukoni ya Dar es Salaam

Tangu mwaka 1891, Wadachi walipouhamisha mji mkuu wa serikali yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, Kivukoni imekuwa mahali pa maandishi. Pwani yake huvusha watu kwenda Kigamboni na kurudi, na juu kidogo ya pwani hiyo makarani wa serikali tatu, ya Wadachi, ya Waingereza na ya wananchi, wameandika barua, hati za ardhi, hesabu na hukumu. Kazi hiyo ya kuandika huonekana na watu wote. Kazi ya pili, yaani kuhifadhi, husahauliwa mpaka siku ya msiba. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna nakala za kumbukumbu zilivyowekwa, kuanzia karatasi mpaka kanda za kompyuta, na kuonyesha ya kwamba swali limebaki lile lile: nakala ngapi zatosha, nazo ziwekwe wapi?

Wataalamu wa kompyuta wa leo huiita nakala ya akiba kwa neno chelezo. Neno hilo si geni kwa watu wa pwani. Asili yake ni kitenzi kuelea, nalo hutajwa kwa boya, na pia kwa mahali pa kuundia na kutengenezea meli. Maana mpya imelifaa, kwa kuwa kazi ya chelezo cha kumbukumbu ni kubaki juu ya maji wakati chombo chenyewe kinapozama. Lakini hapo hapo pana onyo: boya lililofungwa barabara katika chombo huzama pamoja nacho.

Historia ya karatasi za Kivukoni yaonyesha jambo hilo wazi. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Kabla ya siku hiyo Wadachi walikuwa wamekwisha kuihamishia serikali yao bara, na majalada mengi yakaenda nayo. Mengine yalifukiwa ardhini ili adui asiyapate. Baada ya vita sehemu yake ilifukuliwa, na sehemu nyingine haikuonekana tena. Yaliyosalia yalipangwa na wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani katika miaka ya 1967 hadi 1969, na mwongozo wake ukachapwa Marburg mwaka 1973.

Hata hivyo, yaliyopotea huku hayakupotea yote. Gavana alikuwa akipeleka taarifa Berlin, na ofisi ya makoloni ilizitunza katika majalada yake. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo: barua zilizotoka Dar es Salaam kwenda London zimewekwa Kew mpaka leo. Makarani waliozinakili hawakuwa na nia ya kuwahifadhia Watanzania historia yao. Walitimiza amri ya wakubwa wao tu. Lakini kwa ajili ya kazi yao iliyochosha, nakala moja ilikuwa mbali wakati nakala ya pili ilipoharibika. Ubaya wake ni kwamba nakala hiyo iko mikononi mwa wengine, na mwenye kutaka habari za kwao hana budi kuvuka bahari au kuomba.

Upande wa pili wa jambo hili ni gharama. Waraka mmoja wa serikali ulipotolewa, ulinakiliwa na kupelekwa kila jimbo na kila wilaya, na kila ofisi ikautia katika jalada lake. Maneno yalikuwa yale yale, na nafasi iliyojazwa katika makabati ilikuwa mara nyingi zaidi. Nchi ilipojitawala, Sheria ya Nyaraka ya mwaka 1965 iliweka msingi wa kuamua yapi yatunzwe na yapi yatupwe, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ikaipanua kazi hiyo.

Mwaka huo huo wa 1965 Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500. Mashine nyingine zilifuata, lakini kazi ya hesabu za serikali ilipata matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalipolegezwa, ofisi zilirudia mashine hizo kwa haraka, na pamoja nazo likaja suala la chelezo.

Chombo cha kuwekea chelezo kwa miaka mingi kilikuwa ukanda wa sumaku. Nchini Marekani mashine ya UNIVAC ilianza kuutumia mwaka 1951, nao ulikuwa wa chuma. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ikaleta wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku. Ukanda una sifa mbili njema. Bei yake ni ndogo kwa kiasi cha data unachobeba, na waweza kutolewa katika mashine ukapelekwa mji mwingine. Aibu zake pia zajulikana. Husomwa kwa kufuatana, kwa hiyo anayetafuta jambo moja sharti auzungushe mpaka alifikie. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, unyevu huingia katika gundi inayoushika ule unga, na ukanda usiotunzwa penye ubaridi na ukavu huanza kunata na kubanduka.

Kwa sababu hizo palibuniwa kanda pepe katika miaka ya 1990. Kanda pepe si ukanda. Ni diski nyingi zinazoendeshwa na programu, nazo hujionyesha kwa mashine nyingine kana kwamba ni maktaba ya kanda, yenye visomeo, rafu na mkono wa kubadilishia. Programu ya chelezo iliyozoea kuandika katika kanda huendelea na kazi yake bila kubadilishwa. Faida yake ni wepesi: hakuna ukanda wa kuzungushwa wala kisomeo cha kungojea zamu.

Diski, lakini, ni ghali kuliko ukanda, na hapo ndipo ilipoingia hila ya kuondoa marudio. Programu huikata data vipande vipande, na kila kipande hupewa alama kwa njia ya hesabu, mfano wa alama ya kidole cha mtu. Kipande kinapofika, alama yake hutafutwa katika fahirisi. Kama haimo, kipande huwekwa. Kama imo, huandikwa rejeo tu la kuonyesha kilipo kile cha kwanza. Mwaka 2002 wataalamu wa Bell Labs, Sean Quinlan na Sean Dorward, waliueleza mtambo wao wa Venti uliofuata njia hiyo, na muda si mrefu makampuni yakaitia katika biashara.

Na uchukuliwe mfano. Ofisi ina data ya gigabaiti 1,000, na kila siku sehemu 2 katika 100 hubadilika. Ikichukua chelezo kamili kila siku kwa siku 30, itahitaji nafasi ya gigabaiti 30,000. Marudio yakiondolewa, zitabaki 1,000 za kwanza na 20 kwa kila siku ya siku 29 zilizofuata, jumla 1,580. Nafasi imepungua karibu mara 19. Lau makabati ya Kivukoni yangalijua hila hiyo, ule waraka mmoja ungalikaa mahali pamoja, na majalada yote yangaliuelekea.

Hila hiyo hutaka mpangilio wa makini, na wengi hukosea hapa. Kwanza, data isibanwe wala kusimbwa kabla ya kufika kwenye mtambo wa kuondoa marudio. Kubana huwafanya ndugu wawili waonekane wageni, na kusimba ni zaidi, kwani maneno yale yale hutoka kila mara kwa sura nyingine. Kusimba kwafaa kufanywa na mtambo wenyewe baada ya marudio kuondolewa. Pili, desturi ya zamani ya kuchanganya mikondo ya data kutoka mashine nyingi katika ukanda mmoja iachwe. Ilifaa kwa ukanda uliopaswa kuzunguka bila kusimama. Katika kanda pepe huvuruga vipande visitambulikane. Ni bora kuweka visomeo pepe vingi, kila mkondo na chake. Tatu, kanda pepe zifanywe ndogo ndogo. Ukanda haurudishi nafasi mpaka yote yaliyomo yamekwisha muda wake, na ukanda mkubwa hushikwa na jalada moja dogo lisilokwisha. Nne, muda ukiisha katika daftari la programu, mtambo hauna habari. Ukanda sharti uandikwe upya, kisha mtambo ufagie vipande visivyo na mwenyewe, ndipo nafasi ipatikane. Mwangalizi asiyelijua hili hushangaa diski zikijaa hali daftari lake lasema ni tupu.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo ni hatari iliyomo ndani ya hila yenyewe. Zamani waraka ulioharibika katika jalada moja ulipatikana katika jingine. Marudio yalikuwa mzigo, na tena yalikuwa ngao. Marudio yakiondolewa, kipande kimoja hutegemewa na nakala za siku 30, na kikiharibika, zote huharibika pamoja. Fahirisi nayo ikipotea, vipande vyote hubaki kama kurasa za vitabu elfu zilizomwagwa sakafuni. Mwenye kuona orodha ya kanda 30 akadhani ana chelezo 30, kwa kweli anacho kimoja.

Misiba ya mji huu haikuwa ya kubuni. Mwaka 1984 jengo la Benki Kuu, papo hapo Kivukoni, liliungua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua pia. Moto hauulizi kama marudio yameondolewa kwa ustadi. Na aliye na nakala ng’ambo tu alipata funzo lake tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikadorora nchini. Nakala ya mbali isiyofikiwa siku ya haja yakumbusha majalada ya Berlin na Kew: ipo, lakini haiko mkononi mwa mwenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa kanda pepe haujakamilika mpaka mtambo wa pili umewekwa katika mji mwingine, na fahirisi yake pamoja nao. Hapa kuondoa marudio hulipa deni lake, kwa kuwa vipande vipya tu ndivyo visafirishwavyo katika mkongo wa nchi kavu, nazo zile gigabaiti 20 hupita pale ambapo 1,000 zisingepita kwa usiku mmoja. Kuhamia kwa serikali Dodoma, kulikoamuliwa mwaka 1973 na kutekelezwa kwa nguvu kuanzia 2016, kumeipa nchi miji miwili ya kufaa kazi hiyo, yote ndani ya mipaka yake. Yafaa pia sehemu ya chelezo iandikwe katika kanda halisi zitolewazo nje ya mashine, ambazo mwizi wa mtandaoni hawezi kuzigusa, na kila baada ya muda data irudishwe na kusomwa ili ijulikane kuwa ni nzima.

Makarani wa Kivukoni waliweka nakala nyingi bila kukusudia usalama, nao ukapatikana. Waangalizi wa leo wana uwezo wa kuweka nakala moja tu kwa kukusudia wepesi, na hasara yaweza kupatikana vivyo hivyo. Marudio yaondolewe ndani ya ghala, maana huko ni upotevu wa mali. Lakini kati ya ghala na ghala yaachwe, maana huko ndiko chelezo kinakoelea.