Neno Bilulu na Kituo cha Gari Moshi cha Likasi

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma maneno haya karatasini, leo tuzungumze habari ya neno moja tu: bilulu. Kwa Kiswahili chetu cha Katanga bilulu ni wadudu. Hata mtoto analijua.

Tukumbuke kwanza. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliandika watu wa Kasai kwa kazi, na mwaka 1928 reli ikaunganisha Katanga na Kasai. Wakaja mafundi, makarani, walimu. Wakazaa hapa, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Je, makabila hayakuchekana? Yalichekana sana! Ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya Luanshya, mtaalamu Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya wachezaji wa kalela: waliimba kuyatania makabila mengine, na watazamaji wa makabila hayo hayo wakacheka. Utani una sheria yake, nawe unaijua ingawa hukufundishwa shuleni: unayemtania yuko mbele yako, na ana ruhusa ya kukujibu. Akinyimwa jibu, huo si utani tena.

Sheria hiyo ilivunjwa hadharani. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Aliyetoka ni Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hapa kwetu gavana Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI, aliwaita Wakasai bilulu mbele ya mikutano. Mkasai angejibu wapi? Msemaji mmoja, na umati unapiga makofi. Mdudu hajibu, ndugu yangu. Mdudu anafukuzwa.

Tuseme haki: Wakatanga walikuwa na manung'uniko juu ya kazi na vyeo, na manung'uniko yanaweza kuwekwa mezani yakajibiwa. Lakini nani ataketi mezani na mdudu?

Basi vijana wa chama wakaingia nyumba za watu. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia kituo cha gari moshi cha Likasi, wakalala nje majuma na miezi wakingoja treni. Magonjwa yakawaua wengine papo hapo, hasa watoto. Wengi wa waliopanda mabehewa walizaliwa Likasi. Kasai hawakuwa wameiona hata siku moja. Walishuka Mwene-Ditu wakisema Kiswahili.